Udi wa Porini Uliofungiwa Kabatini

Ndoto hii niliiota mchana kweupe, baada ya sala ya alasiri, na nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilivimbiwa na chakula cha usiku. Nililala kwa hasira. Mchana ule Salha, binti wa mdogo wangu Mwantumu, alikuja nyumbani kwangu hapa Tanga amekumbatia furushi la nguo zake za harusi. Akavua viatu mlangoni, akapiga magoti kidogo, akasema, "Shikamoo, mama mkubwa. Mama amenituma. Kesho ndiyo siku yangu, anaomba unifukizie nguo hizi kwa mkono wako, kama ulivyowafukizia mabiharusi wote wa kwetu." Nikamjibu kwamba udi umekwisha. Uwongo mtupu! Kabatini, hatua tatu kutoka pale aliposimama, nilikuwa na boksi la vijiti vya udi wa porini, udi halisi uliosagwa na kusokotwa bila tone la mafuta, ambao kwa miaka mitatu nilikuwa siuwashi wala simpi mtu. Salha akalitazama kabati, akanitazama mimi, akalikaza fundo la furushi lake na kuondoka.

Sababu ya roho mbaya ile ni hii. Mama yetu, Bi Mwanakombo, alikuwa na pumu, na alikuwa anapenda udi kupita kiasi. Siku yake ya mwisho, miaka mitatu iliyopita, mimi ndiye niliyekaa naye chumbani, na udi ulikuwa ukifuka kando ya kitanda kwa kuwa mwenyewe aliutaka. Jioni akatutoka. Kwenye matanga, mbele ya wanawake waliojaa ukumbini mpaka barazani, Mwantumu alisimama akaninyooshea kidole na kusema, "Moshi wako ndio uliommaliza mama." Tangu siku ile hatukusemezana, salamu zetu zikawa za kutumiana kupitia watoto. Mimi nilinyamaza, na kwa kunyamaza huko mtaa mzima ukaniita mwanamke wa subira. Nikiri tu kwamba jina hilo nililipenda, na huruma za watu nilizipokea kwa mikono miwili. Basi Salha alipoondoka nikajitupa kitandani, uso ukutani, nikawa najisemea kwamba aliyedhulumiwa ni mimi na si mwingine, mpaka usingizi ukanichukua.

Nikajikuta natembea ndani ya msitu wa miti mirefu ambayo vilele vyake sikuviona. Majani yalikuwa mabichi, yamelowa, na mwanga uliopita katikati yake ulikuwa wa kijani na laini, ukanituliza macho. Nilitembea kitambo nikiona raha tupu, kisha nikagundua kuwa kuna kitu kimepungua. Nchi ile haikuwa na harufu. Nikachuma jani nikalifikicha puani, kimya. Nikainua konzi ya udongo uliolowa, ambao kwa kawaida hunukia mvua, kimya. Nikanusa hadi kwapa langu mwenyewe, na huko nako hakuna kitu. Mimi ni mtu ninayeishi kwa pua, ninayeweza kukuambia udi gani umefukizwa nyumba ya tatu kutoka hapa, na hofu niliyoipata pale ni ya mtu aliyeamka akakuta haoni.

Mwanamke mmoja akatoka nyuma ya shina, mrefu, mpole wa mwendo, viganja vyake vyeusi kama vya mtu aliyeshika lami siku nzima. Akaniambia jina lake ni Subira. Nikachangamka, nikamwendea kwa mikono wazi. "Mwenzangu! Sisi ni watu wa zamani, miaka mitatu hii tumekaa nyumba moja." Akanitazama kwa makini, pasi na dharau, kama mtu anayejitahidi kukumbuka. "Samahani, bibi," akasema, "sikukumbuki. Pengine ulikaa na mtu anayevaa nguo kama zangu." Nilitaka kumjibu jibu la kumkata maini, lakini alikwishageuka, ameanza kutembea, nami nikamfuata kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kumfuata.

Akanionyesha miti. Ile mizima, yenye gome safi, ndani ilikuwa na ubao mweupe usio na lolote. Mingine ilikuwa imetobolewa na wadudu, mingine imepasuliwa na radi, na kuzunguka vidonda vyake ubao ulikuwa umegeuka mweusi, mzito, wa mafuta. "Mti hauna mkono wa kujifunga kitambaa," Subira akasema. "Unachojaliwa ni kutoa utomvu wake kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka kidonda kiwe udi." Nikajipiga kifua. "Si ndiyo maana! Kumbe aliyejeruhiwa ndiye mwenye thamani. Mimi nilijua siku zote." Subira akabandua kibanzi cheusi, kirefu kama kidole changu, akanitia mkononi. "Taratibu," akasema. "Miti mingi hujeruhiwa ikaoza tu. Na huu ambao haukuoza, hebu unuse." Nikakipeleka kibanzi puani, nikavuta pumzi mpaka kichwa kikanizunguka. Hakikunukia kitu. "Hicho ni chako," akaniambia. "Katika nchi hii udi hausemi mpaka uguswe na moto, na moto wake hauko mkononi mwangu."

Tukashuka hadi uwanja wa soko, na hapo ndipo harufu ya kwanza ilipotukuta, tena ilitukuta mbali, ikatuvaa. Muuzaji alikuwa bwana mmoja mnene aitwaye Riya, jina la kupenda kuonekana na watu, kanzu imenyooka, vidole vimejaa pete, mbele yake vijiti vya udi vya kila rangi vilivyochovywa kwenye marashi hadi vinadondosha. Akawasha kimoja. Utamu ulinijia wote kwa mkupuo, waridi, sabuni na peremende mahali pamoja, na kabla sijasema mashallah ukageuka harufu ya nywele zilizoungua. Waliolizunguka genge lake walikuwa wakisimuliana dhiki zao kwa sauti, kila mmoja akichungulia kama mwenziwe analia vya kutosha. "Bibi mkubwa," Riya akanibembeleza, "nipe hicho kibanzi nikichovye. Kikavu hivyo nani atakutazama? Nikikitia waridi, mtaa mzima utakuonea huruma mpaka ufe." Msomaji, nilinyoosha mkono. Sikumpa, lakini nilinyoosha mkono, na Subira aliona.

Mbele ya soko palikuwa na nyumba moja imefagiwa mpaka udongo unang'aa, madirisha yake yote yametiwa komeo. Mwenye nyumba aliitwa Bi Kinyongo. Alikuwa amekalia sanduku, na kuta zake nne zilikuwa zimepangwa masanduku mengine, kila moja limeandikwa mwaka. Akanifunulia. Sijapata kuona udi wa namna ile, mweusi tititi, mzito, vipande vilivyoviringwa kwa vitambaa safi kama watoto wachanga, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuonja moto. "Ukiwasha, unakwisha," akaninong'oneza. "Na ukishakwisha, mwenzangu, utabaki na nini?" Nikavuta pumzi. Nyumba ile, pamoja na udi wote ule, haikunukia chochote, hata harufu ya binadamu haikuwemo. Bi Kinyongo akajisogeza, akapigapiga mkeka kando yake. "Kaa. Nafasi yako nimekuwekea siku nyingi." Nikatazama pale mkekani. Palikuwa pamebonyea tayari, umbo la mtu aliyekaa muda mrefu, na umbo lile lilikuwa langu, hadi ule upande wa kushoto ninaouegemea kwa sababu ya nyonga. Hapo niliogopa kwelikweli, nikatoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Uani nilimkuta msichana anasugua masufuria kwa majivu. Hakuinuka kunipokea. Kando yake palikuwa na chetezo cha udongo chenye kaa moja jekundu. "Mimi Ukweli," akasema, mkono haujaacha kusugua. "Weka kibanzi chako hapo, useme kilichomo ndani. Ukisema kisichokuwamo, moto utazimika. Sitakusaidia." Nikamgeukia Subira, aliyekuwa amenifuata hadi uani. Akaketi chini kwenye vumbi, tayari kungoja, hata kama ningechukua mwaka.

Nikaweka kibanzi juu ya kaa. "Mdogo wangu alinifedhehesha mbele za watu," nikasema. Uzi mwembamba wa moshi ukapanda, ukakatika. "Hilo kweli," Ukweli akasema, "lakini ni gamba. Ingia ndani." Nikasema, "Sikuwa na kosa lolote," na kaa likafifia mpaka likataka kuwa jeusi. Nilihisi kwamba likizimika ndio basi, nitarudi kule kwenye mkeka. "Mama mwenyewe aliniomba niwashe," nikasema. Kaa likashika. "Halafu?" Masufuria yakagongana. "Halafu?" Ndipo maneno yakanitoka ambayo sikuwahi kumwambia mtu, wala kujiambia mwenyewe. "Halafu akakohoa. Nilimsikia. Nikamwambia, mama, inatosha. Akanishika mkono, akasema, bado kimoja mwanangu. Nikawasha cha pili. Nilijua pumu yake, nikawasha, kwa kuwa nilipenda kuona uso wake unavyofurahi."

Moshi ukapanda, na nchi ile ikanukia. Kwanza ulikuja uchungu, kama kahawa isiyotiwa sukari, nikataka kurudisha uso nyuma. Kisha ikaja harufu ya ubao uliolowa, na ngozi ya msahafu wa zamani, na kitu kikali kidogo kinachokaribia kukera. Chini kabisa, polepole, ukatokea utamu usio wa maua wala wa sukari, ule wa utosi wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Haukunikimbilia kama ule wa Riya. Mimi ndiye niliyeufuata, na kila nilipodhani nimeufahamu ukageuka mwingine. Majani yakaanza kunukia ujani, udongo ukanukia mvua. Subira akaweka mkono wake mweusi begani mwangu. "Huu ndio udi wa porini," akasema. "Hauanzi kwa kukufurahisha. Uvumilie uchungu wake wa mwanzo, maana ukiuondoa huo, na utamu wa mwisho haupo." Nililia bila aibu. Nikamuuliza Ukweli, "Basi niambie, ni mimi niliyemuua?" Kwa mara ya kwanza akaacha kusugua. "Hilo sikupewa," akanijibu. "Nilipewa hicho ulichokisema tu."

Nikaamka shavu limelowa, jua bado liko ukutani. Nilikaa kitandani, maana ya ndoto ikinifunukia taratibu. Miaka mitatu niliamini kwamba neno la Mwantumu liliniuma kwa kuwa ni la uwongo. Liliniuma kwa kuwa moyo wangu ulikuwa umekwisha kunishitaki kabla yake, na badala ya kuusikiliza, nikaufunika kwa neno lake. Subira hakuwahi kufika nyumbani kwangu. Aliyekuwa akikaa nami ni Bi Kinyongo, amevaa nguo kama zake.

Nikajitanda kanga, nikachukua boksi kabatini, nikaenda kwa Mwantumu. Ukumbini walijaa wanawake wanamenya vitunguu na kuchagua mchele wa kesho, wengi wao ni wale wale wa matanga. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia Salha kwanza, "Mwanangu, nilikudanganya. Udi ninao. Lete nguo zako." Kisha nikamgeukia mdogo wangu, na sauti yangu sikuipunguza, waliosikia lile la kwanza wasikie na hili. "Mwantumu, siku ile mama alikohoa, na mimi nikasikia. Nikawasha kijiti cha pili. Aliniomba, lakini mwenye mkono uliowasha ni mimi. Nimekuja kukuambia."

Mwantumu akaweka kisu chini. Nikajiandaa kufukuzwa. "Najua," akasema. "Nilikuwa kibarazani, chini ya dirisha. Nilimsikia akikuomba. Nilijua kwamba ni yeye aliyetaka, na bado nikakusema vile mbele za watu." Machozi yakamlenga, akayafuta kwa kiwiko kwa sababu ya vitunguu mikononi. "Nilikaa pale nje mchana kutwa, dada, nikingoja na mimi aniite. Hakuniita."

Nikaketi chini kando yake, katikati ya maganda.

"Mwantumu," nikamwita.

"Abee, dada," akaitika.