Mrashi wa Bi Zeyana

Siku ya maziko ya Himid, kabla jeneza halijanyanyuliwa, Bi Zeyana aliulizwa kama amemwia radhi mumewe. Alikaa kimya. Wanawake wakamjibia, maana maiti haicheleweshwi kwa hasira ya mtu. Asubuhi ile ile ndipo alipojua kwamba Himid alikuwa na mke mwingine Chalinze, tena wa miaka mingi, na mtaa mzima ulijua ila yeye.

Akaingia eda. Mwenye eda hajitii manukato, hivyo mrashi wa kioo aliourithi kwa bibi yake, ule ule uliomnyunyizia marehemu marashi ya mwisho, ulirudishwa kabatini mtupu. Masika yalipoanza, ukaanza kulia. Matone yalijitokeza juu ya kioo. Akiyafuta leo, kesho yapo. Majirani, ambao hawakosi tafsiri ya jambo lisilowahusu, wakasema marehemu anaomba radhi. Zeyana aliamini na, tusifichane, alifurahi. Na alie, alijiambia. Akishalia vya kutosha nitamsamehe.

Adila, binti wa kaka yake, anayetunza vyombo vya kale makumbusho, alikuja kumjulia hali. Baada ya shikamoo akauchukua mrashi, akasugua tone kati ya vidole. Liliteleza kama maji ya magadi. Akaeleza kwamba kioo ni mchanga ulioyeyushwa pamoja na magadi, na chembe za magadi hazitulii humo. Hupenya kidogo kidogo mpaka nje, zikavuta unyevu wa pwani, na chembe za maji zikaingia kushika nafasi zilizoachwa. Mrashi huu wa kale ulitiwa magadi kupita kiasi. Kila tone lilitoka mwilini mwake wenyewe, na nyufa nyembamba zilikwisha kuanza. Usipowekwa pakavu, utavunjika.

"Kwa hiyo si yeye," alisema Zeyana.

"Si yeye, shangazi."

Ilimuuma kuliko habari ya Chalinze. Majuto yote aliyokuwa akiyafuta kwa kitambaa hayakuwa ya Himid. Mume wake alikwenda zake bila kumwomba kitu, na hatamwomba tena.

Aliufuta mrashi kwa mara ya mwisho, akautia ndani ya kopo kavu alilopewa na Adila, akakaza kifuniko. Kisha akaugeukia mlango ule lilikopitia jeneza.

"Hukuniomba, Himid," alisema. "Nimekuwia radhi."

Safari hii hakuna aliyemjibia.