Binti wa Bibi Ankaret

Uingereza yote, mwanamke wa damu ya kifalme akishika mimba watu huomba mtoto wa kiume. Sisi tuliomba wa kike. Tuliomba mpaka magoti yakaota sugu, na bado nilikuwa na wasiwasi kwamba Mungu atadhani tumekosea maneno.

Mimi ni Thomasin. Mama yangu ndiye aliyemlea Bibi Ankaret, mpwa wa mfalme, na tulinyonya ziwa moja. Kwa hiyo mbele ya watu namwita bibi, na tukibaki wawili namfokea nitakavyo. Siku aliponiambia kwamba ameolewa kwa siri na Ambrose Pellow, nilimfokea hasa.

"Wanaume wote wa nchi hii, ukamwona mtunza vipanga, hao ndege wa kuwindia?"

"Ananichekesha, dada."

"Mfalme hatacheka!"

Na kweli hakucheka. Kwetu mwanamke wa damu hiyo haolewi bila idhini ya mfalme. Akithubutu, ni uhaini. Ambrose akafungwa katika Mnara wa London. Bibi Ankaret naye angemfuata, ila tumbo lilikuwa limeshajitokeza, na baraza la mfalme likaamua lingoje. Akizaa mvulana, basi huyo ni mtu anayeweza kudai kiti cha enzi: atachukuliwa siku hiyohiyo akalelewe kusikojulikana, na wazazi wake hawatatoka kifungoni mpaka kufa. Akizaa msichana, aa, msichana ni msichana tu. Apelekwe shamba na mama yake, wasahaulike. Niliposikia hayo nilitamani kumtandika mtu wa baraza hata mmoja, yeyote yule.

Miezi ilipokaribia kutimia, tukaingizwa chumbani kama desturi ilivyo. Madirisha yakafunikwa mazulia, tundu la ufunguo likazibwa kitambaa, mishumaa ikawashwa mchana kweupe. Kuanzia hapo mwanamume haruhusiwi kukanyaga humo, awe mganga, padri au mfalme mwenyewe. Hata kazi ya kukata nyama na kumimina divai tulifanya wanawake, na divai ilipungua upesi kuliko kawaida.

Baraza halikuwa jinga, lakini. Lilimweka ndani jicho lake: Bibi Jacquetta, mjane mzee, mrefu, mkavu, ambaye sijawahi kumwona akitabasamu. Alikuwa akikaa kwenye kiti karibu na mlango akishona, asubuhi hadi jioni, mashati ya maskini, na ukicheka tu anakukata jicho. Kazi yake ilikuwa moja. Mtoto akizaliwa, amtazame kwa macho yake, kisha amtangazie Bwana Barnaby, mtu wa baraza, aliyekuwa akingoja nje na mnyonyeshaji, kitanda cha mtoto na mashua mtoni.

"Yule bibi hana moyo," nilimnong'oneza Grisell, mkunga wetu.

"Anao, ila kaushonea ndani," akajibu Grisell, naye hunong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni.

Uchungu ulianza alfajiri. Sitausimulia, waliozaa wanajua, na wasiozaa hawataki kujua. Kufika saa nne mtoto akatoka akipiga kelele, Grisell akamwinua kwenye mwanga wa mshumaa, na uso wake ukamshuka. Nikasogea nikatazama. Ilikuwepo. Ndogo, lakini haikuwa na ubishi.

"Niambieni," akasema Bibi Ankaret kutoka kitandani. "Grisell? Dada? Mbona hamsemi?"

Nikashindwa kumdanganya. Akanitazama usoni akaelewa, akanyoosha mikono. "Nipeni basi. Nimshike kidogo kabla hawajaja." Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu yakaingia masikioni, na mimi moyo wangu ukapasuka.

Sijui nilipata wapi wazo lile. Nadhani lilitokana na hasira. Kwetu mtoto mchanga hufungwa vitambaa kuanzia mabegani hadi nyayo, na akiachishwa vitambaa huvishwa gauni na kofia, wa kike na wa kiume sawasawa, mpaka mvulana afikie miaka sita au saba ndipo anavishwa suruali mbele ya ndugu. Miaka sita! Nani humfunua mtoto wa mwanamke aliyesahauliwa huko shamba?

"Grisell," nikasema, "mfunge haraka. Ni binti."

"Umelewa?"

"Sijalewa bado. Mfunge!"

"Wataninyonga, Thomasin! Wataninyonga na mkoba wangu shingoni!"

Lakini mikono yake ilishaanza kufunga. Alikuwa amefika kiunoni nilipoona kivuli ukutani. Bibi Jacquetta alikuwa amesimama nyuma yetu, sindano bado mkononi.

"Mfungue," akasema.

"Bibi mkubwa, mtoto ataona baridi..."

"Mfungue."

Grisell akafungua. Bibi Jacquetta akainama na mshumaa. Mtoto, aliyekuwa amenyamaza, akanyoosha miguu akamkojolea. Nao si mkojo wa kudondoka. Ulirushwa juu ukatua kwenye mkono wa gauni lake la mahameli nyeusi. Nikafumba macho. Nikasema moyoni, hapa tumekwisha sote.

Nilipofumbua, alikuwa bado ameinama. Hakujifuta.

"Nani mwingine amemwona?" akauliza.

"Sisi tu, bibi mkubwa. Wasichana wa kazi tuliwatuma maji."

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Sijawahi kumwona amekaa mahali pengine zaidi ya kiti chake. "Dada yangu alizaa mvulana," akasema, akimtazama Bibi Ankaret. "Damu hiihii. Waliponiletea agizo, nilimfunga vitambaa mwenyewe, vizito, asipate baridi njiani. Dada hakuamka tena kitandani. Na yule mtoto mpaka leo sijui kama aliishi." Akapangusa mkono wa gauni, taratibu. "Alinikojolea vilevile."

Kisha akainuka, akawa yule wa siku zote.

"Grisell, mbatize sasa hivi. Hatabatizwa kanisani, huko watamvua nguo. Mtoto ni dhaifu."

Mtoto alikuwa akipiga kelele mishumaa ikitikisika. "Dhaifu?" akasema Grisell.

"Nimesema ni dhaifu! Jina?"

"Julian," akasema Bibi Ankaret. Ni jina la marehemu bibi yake, na kwetu wanaume pia huitwa hivyo. Grisell akamimina maji kichwani, akasema maneno, kama wakunga wanavyoruhusiwa mtoto akiwa hatarini. Na hatarini alikuwa, hilo halikuwa uongo.

Bibi Jacquetta akamfunga mwenyewe mpaka kidevuni, akamrudishia mama yake. Akaenda mlangoni akaufungua kidogo. Nilisimama nyuma yake, nikamwona Bwana Barnaby ameshavaa hata glavu za safari.

"Ni binti," akasema Bibi Jacquetta.

Bwana Barnaby uso ukamlegea. "Binti? Mkunga wa baraza aliyemwona kabla hajafungiwa humo aliapa kwa umbo la tumbo..."

"Ni binti, tena dhaifu."

"Una hakika, bibi? Baraza litaniuliza."

Akaufungua mlango wazi kabisa. "Ingia utazame. Ingia, Bwana Barnaby, mzazi yuko kitandani na damu haijafutwa. Uwe mwanamume wa kwanza Uingereza kuingia chumba cha mzazi. Nitakushikia kofia."

Bwana Barnaby akatazama kizingiti kile, mguu wake mmoja ukainuka, ukarudi chini. Nyuma yake watumishi wawili walikuwa wameshageuza nyuso kwa haya. "Hapana, hapana," akasema. "Binti. Vizuri. Poleni." Akavua glavu akaondoka, na mnyonyeshaji akaondoka naye, maana kwa binti mama mwenyewe anatosha.

Mlango ulipofungwa Grisell akakaa sakafuni akacheka mpaka akakwama. Bibi Jacquetta akamkata jicho, kisha akarudi kwenye kiti chake na shati lake.

Tukapelekwa shamba Devon, kwenye nyumba inayovuja. Hakuna aliyetuuliza tena. Majira ya kuchipua ya mwaka wa pili wakamwachia Ambrose, kwa kuwa hakukuwa na faida ya kumlisha, akaja kwa miguu, amekonda. Julian alikulia na gauni lake akipanda miti, akiangukia matope, akipigana na mbuzi. Siku moja Bwana Barnaby alipita akaleta habari za kumchumbia mjukuu wake. "Msichana wenu ana nguvu," akasema, akimwangalia Julian anavyomburuta mbwa. "Ana nguvu sana, bwana," nikamjibu, nikaenda kuchekea jikoni. Usiku ule ule sikulala kwa hofu, nisiseme uongo.

Kisha mfalme akafa. Aliyemfuata alikuwa na wana wanne wenye afya, hakuwa na haja ya kumwogopa mtoto wa mtunza vipanga, akasamehe wakosaji wa zamani kwa jumla, nasi tukiwemo. Julian alikuwa na miaka saba kasoro. Tukaalika majirani kwa siku ya suruali, nami nikijiuliza tutawaambiaje. Walipofika nikaanza: "Kuna jambo juu ya Julian lazima tuwaambie."

"Mtuambie nini?" akasema mke wa msaga nafaka, akijimiminia bia. "Shoga, huyo tangu ana miaka mitatu anakojoa kwenye ukuta wangu amesimama. Kijiji kizima tunajua. Tulidhani ninyi ndio hamjui!"

Tukiwa katika kicheko hicho gari la farasi likaingia uani. Akateremka Bibi Jacquetta, na fimbo, amezeeka mno, mkavu vilevile, na kifurushi kwapani. Hatukuwa tumemwalika, hatukujua kama yu hai.

"Nimeleta suruali ya binti yetu," akasema.

Ilikuwa ya mahameli nyeusi. Niliitambua kabla sijaishika: ameikata kutoka gauni lile. Bibi Ankaret akamvisha Julian palepale uani, Ambrose akamfunga kamba kiunoni, na yule mtoto akajitazama miguu, kisha akakimbia. Alikimbia kuzunguka nyumba akipiga kelele, mbwa nyuma yake, akapotea upande wa zizi, akatokea tena, nywele zimemsimama.

Bibi Jacquetta alimfuata kwa macho kila mzunguko. Nikamletea kiti, akakikataa. Akanishika mkono, kwa nguvu ambazo sikuzitegemea.

"Huyu," akasema, "huyu najua aliishi." Akaanza kulia, na mtoto akaja mbio kumwuliza kama anaweza kupanda mti na suruali yake.