Vigoda vya Kumtazamia Firauni

Kidawa, mzaliwa wa Ibra aliyeolewa Sur, huko Omani, anajua kupanga safari. Msemeni kwa mengine mtakavyo, kwamba ana sauti kubwa, kwamba simu yake haitulii, kwamba hata harusini anauliza nani kapanda gari ya nani; lakini hilo hamumnyimi. Miaka mingi alipakia mabasi ya umra chini ya jina la ofisi ya wanaume. Wao wakikaa kwenye kiyoyozi kupokea shukrani, yeye yuko barabarani anatafuta kiatu cha bibi kilichopotea. Mwaka huu akasema basi. Safari hii ni yake na jina ni lake, na haiendi Makka wala Salala. Inakwenda Misri, Luxor mpaka Aswan, kwenye mahekalu na makaburi ya wafalme wa kale, wanawake peke yao wa Sur na Ibra, na kila kitu wataelezwa kwa Kiswahili.

Kila akifika hapo kwenye Kiswahili, kifua kinamjaa. Mabibi waliozaliwa Unguja wanakijua Kiarabu, nani kasema hawakijui, lakini hadithi tamu huwaingia kwa lugha waliyolelewa nayo. Mwongozaji wa Luxor atasema kwa Kiarabu chake cha Kimisri, na Kidawa atampokea kwa Kiswahili. Alisoma mpaka macho yakamuuma. Malkia Hatshepsut, aliyetawala Misri na kutuma vyombo baharini vikalete miti ya ubani, alikuwa akimzungumza kama jirani wa ukuta wa pili.

Sasa tatizo. Wakala wa Luxor, kijana mmoja aitwaye Alaa, alikuwa amemshikia boti ya Mto Nile mpaka Alhamisi ya wiki ya pili, basi. Wanawake wa Sur walikwisha kubali. Wa Ibra walikuwa wanamtazama mtu mmoja tu, Bi Shamsi. Nusu yao kawasomesha Qur'ani, na Kidawa pia kamsomesha. Bi Shamsi akikohoa, wao wanakimbilia maji. Asipokwenda yeye hawendi, wasipokwenda wao boti haijai, na safari imekufa. Kidawa atarudi ofisini kwa wale wanaume kuomba tena kazi ya kutafuta viatu, nao walikuwa wamekwisha anza kucheka.

Na Kidawa mwenyewe ndiye aliyeharibu. Sijui siku ile akili aliiweka wapi! Furaha ilimpanda kichwani, akaitangaza safari kwenye WhatsApp, kwa kundi zima, na picha ya hekalu na maua mekundu, kabla hajapiga hodi kwa Bi Shamsi. Watu wetu hawafanyi hivyo. Jambo kubwa linaanza kwa mkubwa, nyumbani kwake, kwa kahawa na halwa, ndipo litoke nje. Bi Shamsi habari alizipata Jumatano, kwenye soko la wanawake la Ibra, kwa muuza ndimu.

Kidawa akachukua halwa, akaendesha gari kutoka Sur mpaka Ibra.

"Hodi! Hodi hapa!"

"Karibu," sauti ikajibu ndani, kavu.

Bi Shamsi alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mbao, mgongo umenyooka, kanga kichwani. Rawya, mke wa mwanawe, alikuwa pembeni anamimina kahawa.

"Shikamoo, Bi Shamsi."

"Marahaba. Leo umeikumbuka njia."

Kidawa akapiga magoti, akambusu mkono. "Nimekuja kukuomba radhi, mama. Nimekosa."

"Umekosa. Muuza ndimu ananichagulia ndimu huku ananipa habari za Firauni, na mimi natikisa kichwa kama niliyekuwa najua. Wewe nyumba ya mzima hujui kuingia, Kidawa. Ya maiti utanitia vipi?"

Loo! Kidawa alitamani sakafu ipasuke. Akabaki pale pale amepiga magoti.

"Haya, inuka," akasema Bi Shamsi baadaye. "Radhi nimekupa, siweki kinyongo na niliowasomesha. Lakini siendi."

"Ni kwa sababu ya hao wafalme makafiri, mama?"

"Wananihusu nini? Mwenyezi Mungu mwenyewe katwambia tutembee katika ardhi, tuone waliotangulia waliishia vipi. Siendi tu. Kunywa kahawa yako."

Kidawa akanywa, akatikisa kikombe kuonyesha imemtosha, akaaga. Na hapo ndipo alipoona. Bi Shamsi ana desturi yake, na Ibra nzima inaijua: kila mgeni, hata mtoto, humshika mkono akamfikisha mpaka mlango wa nje. Leo alishika mkono wa kiti, akajivuta, akanyanyuka kidogo, akarudi kukaa. Kisha akajifanya anaitengeneza kanga yake.

"Rawya, msindikize mgeni."

Kidawa aliangalia halwa, asije akaonekana kaona. Roho ilimuuma. Kumbe ni magoti! Bi Shamsi yule aliyekuwa akiwapanga wasichana wa Ibra kwa jicho moja tu, asukumwe kwenye kiti cha magurudumu mbele ya wanafunzi wake? Bora asiione Misri maisha.

Mpumbavu angerudi ndani kusema, "Usijali bibi, viti vya magurudumu vipo." Kidawa si mpumbavu. Aliingia ndani ya gari, akampigia Alaa.

"Ustadh Alaa, nabadilisha. Kila tukifika mahali, tunakaa."

"Mnakaa wapi, sitt Kidawa?" akauliza Alaa, na "sitt" ndiyo "bi" ya Wamisri. "Hekaluni hakuna viti."

"Tunakuja navyo. Kila mwanamke na kigoda chake cha kukunja, na mimi wa kwanza. Mwongozaji anasema, sisi tumekaa."

"Watalii wote husimama! Mtachelewa. Hamtamaliza kuona hata nusu."

"Basi ipunguze. Hatukuja kukimbizana na wafalme, wamekufa, hawaendi popote. Makaburi ya ngazi nyingi yafute. Tutie lile la Ramses wa Nne, ulilosema njia yake ni mteremko laini. Kwa Hatshepsut, kile kigari cha umeme kinachofikisha watu hekaluni tunapanda sote, hata mwenye miguu ya paa. Kaulize ruhusa ya vigoda, nakusubiri."

Alaa alinung'unika, lakini akauliza. Akapiga simu: viwanjani na nje ya milango inawezekana, ndani ya makaburi hapana.

"Vizuri. Hadithi tutaimalizia mlangoni, tumekaa. Ndani ni kutazama na kutoka."

"Sitt Kidawa, hii ni safari au baraza?"

"Ni safari yetu," akasema Kidawa, na mara hiyo akajiona mrefu.

Akarudi, akapiga hodi upya.

"Sijamwambia mtu, mama. Nimeanzia kwako." Akamweleza yote, moja baada ya jingine, na habari ya magoti hakuigusa. "Na hiyo ni amri. Asiye na kigoda hapandi boti yangu."

Bi Shamsi alimtazama mpaka Kidawa akaona haya.

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini? Hadithi inasikilizwa watu wamesimama tangu lini? Wewe ulitusomesha tumekaa."

Bi Shamsi akamega halwa, akatafuna taratibu. "Nenda zako," akasema. "Na usiandike chochote kwenye hiyo simu yako."

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kidawa siku hizo hakuandika hata neno kwenye kundi.

Jumatano iliyofuata akaenda sokoni Ibra, kesho yake boti inakwenda kwa wengine. Wanawake walikuwa wanauza vitambaa, bukhuri na manukato, na kila mmoja anamuuliza kwa macho. Mara Bi Shamsi akaingia, pole pole, kamshika Rawya mkono, na Rawya kwapani kabana kigoda cha kukunja, kipya, cha kijani. Wakasimama mbele ya muuza ndimu. Kigoda kikafunguliwa katikati ya soko, na Bi Shamsi akakaa.

Wanawake wakaacha vitambaa vyao, wakageuka.

"Kulikoni, Bi Shamsi?" akauliza muuza ndimu.

"Najaribu kigoda changu. Naambiwa enzi zao wafalme wale hakuna aliyethubutu kukaa mbele yao. Basi mimi, mtoto wa Unguja na bibi wa Ibra, nitakaa kitako, ninywe kahawa yangu, na mwanafunzi wangu anihadithie kwa Kiswahili. Firauni akitaka, asimame yeye."

Kicheko kikapasuka, na wanawake wakaanza kuulizana vigoda vinauzwa wapi.

Bi Shamsi akamgeukia Kidawa. "Haya, mwanangu. Sasa tangaza."

Kidawa akatoa simu, lakini machozi yalikuwa yamemjaa, herufi hazionekani. Akairudisha mkobani. Akavuta pumzi, akatangaza kwa mdomo wake, kwa ile sauti kubwa wanayomsemea, na soko zima likamsikia.