Buabua wa Fisksätra

Mwaka 2009, kiangazi kilipoanza, kampuni moja ya utalii ilitaka kufunga waya wa chuma kutoka kilima cha Fisksätra, mtaa wa pwani huko Uswidi, hadi kijisiwa cha mawe kilicho mbele yake, watalii wateleze angani juu ya maji na kutua mwambani. Karibu mtaa mzima uliufurahia mpango huo. Colombe hakuufurahia hata kidogo.

Colombe, mzaliwa wa Bujumbura, alikuwa mfanyausafi katika nyumba ya wazee. Kwa miaka sita, kila Jumamosi asubuhi ya kiangazi, aliketi ufukweni na chupa yake ya chai akiwatazama buabua, ndege weupe wenye utosi mweusi, wakiatamia mayai kwenye mwamba mtupu wa kile kijisiwa.

"Mama Mélissa, mimi nimeahidiwa upishi kwenye mgahawa watakaoujenga pale," mumewe Félix alimlalamikia. "Miaka minne sina kazi. Leo unasimama upande wa ndege?"

"Jiko linahamishika, Baba Mélissa. Mayai hayahamishiki."

Kamati ya mipango ikaitisha mkutano wa hadhara. Huko meneja wa kampuni, Stellan, alisema kisiwani kuna ndege wawili watatu tu, tena wapita njia.

Colombe alisimama. "Si kweli," alisema kwa Kiswidi chake cha kuokoteza. Ukumbi ukaguna. "Msinisikilize mimi. Nendeni mkaone."

Mwenyekiti wa kamati ya mipango, bibi mmoja asiye na maneno mengi aitwaye Gunnel, alifunga faili lake. "Kesho saa tatu asubuhi. Na wewe mama uje."

Wakaenda watatu, Gunnel, Stellan na Colombe, kwa boti ndogo. Gunnel alizima injini mbali na mwamba, akainua darubini kuutazama.

"Mimi sioni kitu," alisema Stellan. Na kweli, kwa mbali ndege weupe walipotelea kwenye mwamba uliojaa weupe wa vinyesi vyao, na vifaranga wana rangi ya mawe. Akashika makasia, akaisogeza boti, na kabla Gunnel hajamaliza kumkataza, alikwisha kuweka mguu mmoja kisiwani.

Mwamba mzima uliruka. Buabua kwa mamia walipanda angani wakipiga kelele, kisha wakamshukia Stellan mmoja baada ya mwingine, midomo mbele kama sindano. Kofia ikaenda na maji. Akajikinga kwa mikono, akateleza, akazama hadi kiunoni.

"Wawili watatu?" Gunnel aliuliza.

Colombe hakucheka. Alimvuta Stellan kwa ukosi wa koti, akamtupa ndani ya boti, akapiga makasia upesi ili ndege warudi kwa watoto wao.

Baada ya wiki tatu barua ya kamati ilifika. Félix aliifungua, akaisoma kwa sauti, polepole: mpango wa kisiwani umekataliwa; tena, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, kila mwaka, hakuna mtu kutua pale. Kampuni imepewa eneo la machimbo ya zamani ya mawe, nchi kavu, kwa waya wake na mgahawa wake.

"Na mgahawa," Félix alirudia. Akamtazama mkewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

Colombe alikuwa amekwisha kufungua mlango. Alipiga vigelegele ngazini, vikapanda ghorofa zote nane. Milango ikafunguka, majirani wakachungulia, wengine na taulo kichwani, wakiuliza nani kaolewa.

"Hakuna aliyeolewa!" Félix aliwapigia kelele, barua ikipepea mkononi. "Ni mke wangu! Ameshinda!"