Siku Kihamba Chetu Kilipochinjwa

Usiku wa kuamkia kikao cha ukoo niliota kihamba chetu, shamba letu la nyumbani, kimechinjwa.

Kimelazwa uani juu ya majani ya mgomba, kizima, na kahawa yake, na migomba yake, na mfereji ukiwa bado unatiririsha maji. Baba mdogo Elifuraha amekunja mikono ya shati, ananoa kisu. Kwetu mbuzi akichinjwa kila ndugu ana kiungo chake, na kisu hushikwa na anayejua kipi ni cha nani. Kwa hiyo sikushangaa. Nilishangaa tu kwamba hakuna aliyeleta chumvi.

"Samahani," kihamba kikasema. "Mimi bado mzima."

"Ndiyo maana tunaharakisha," akajibu Baba mdogo.

Mama alifariki mwezi wa tano, bila wosia, tukamzika humo humo katikati ya migomba. Ametuacha watatu: kaka yangu mkubwa Ndekirwa, ambaye ameshapata mtu wa kununua sehemu yake, mimi Ndeshi, niliyekuwa nikiishi na Mama, na Aminieli, kitinda mimba. Kikao kilikuwa cha kugawa.

Kaka anapewa mguu wa nyuma, yaani upande wa kahawa unaopakana na barabara. Anautwika begani. Mfereji uliokatwa unamwagikia mgongoni, unaingia kwenye suruali, unatokea viatuni.

"Huu una maji," anasema.

"Ulitaka mkavu?" anauliza Baba mdogo.

Aminieli anapewa mbavu, yaani nyumba, kwa kuwa nyumba ni ya kitinda mimba. Anaikumbatia pamoja na madirisha yake. Ndani, redio ya Mama inasoma matangazo ya vifo: "Watoto wa marehemu shamba wanaarifiwa popote walipo, ila wasisumbuke kuja, nyama imekwisha."

"Na mimi?" nauliza.

Baba mdogo anachungulia kwenye majani. "Binti hupewa supu."

Ananimiminia bakuli. Ni tope la moto. Naonja kwa adabu, maana watu wananitazama.

Kuinua macho, tuko wodini, ile ile aliyolazwa Mama, ila vitanda vimepandwa kwa mistari kama kahawa. Mama yuko kwenye kitanda cha mwisho. Baba mdogo anaingia na kipande kilichobaki, kimekaa kwenye sinia. Ni kaburi.

"Hiki hakina mwenyewe," anasema. "Hakina nyama."

"Mimi ndiye ninayelala humo," anasema Mama. "Mkishaondoka na viungo vyenu, mimi nitakuwa nalala kwa nani?"

"Tutakutunza kwa zamu, Mama," anasema Kaka kutoka chini ya mguu wake.

"Zamu zenu nazijua. Nilipolazwa hapa mlipanga zamu, na kila siku ikawa zamu ya Ndeshi."

Akafungua mdomo aseme jingine. Kaka akamtia kijiko cha uji.

"Kunywa, Mama. Usiseme mambo ya kufa, utapona."

Mama akameza, akafungua mdomo tena. Aminieli, bila kuiachia nyumba, akamtia kijiko cha pili. Hata alipokuwa hai ilikuwa hivyo hivyo. Kila alipoanza "Siku nikiondoka," kikombe kilimfikia kabla hajamaliza. Tofauti ni kwamba ndotoni uji haukuisha.

Nje gari likapiga honi. Ni mnunuzi. Kaka akatoka na mguu wake, akiacha maji sakafuni, na kijiko kikaanguka. Nikainama nikiokote.

"Niache hapa hapa," kijiko kikasema. "Nimechoka. Na yeye mwacheni aseme."

Nikakiacha. Mama akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Kisikatwe," akasema. "Kiandikwe majina yenu yote matatu, na mmoja asiuze bila wenzake kukubali. Anayelima ale. Asiyelima apelekewe ndizi. Huyo Ndekirwa akishauza mguu, Desemba watu wakipanda mlimani kuja nyumbani na watoto wao, yeye atafikia wapi? Gesti?"

"Nitamwambia, Mama."

"Mwambie taratibu. Ule uji ulikuwa woga tu. Hakutaka nife."

Kutoka uani kihamba kikauliza kama kinaweza kuinuka. Mama akakijibu kisubiri kidogo, watu hawajanywa chai.

Nikaamka. Kulikuwa kumeshapambazuka. Nikaenda jikoni, nikachochea moto, nikabandika chai. Sikuwa nimeonana na mtu bado.

Kaka, aliyelala chumba cha wageni, akaingia na blanketi mabegani, akaketi kwenye kigoda karibu na moto. Mnunuzi wake alikuwa aje saa nne, kabla ya kikao. Chai ikachemka.

"Ndeshi," akasema bila kunitazama. "Nilipotoka na ule mguu, Mama alisema nini?"

Nikampa kikombe, nikamweleza yote, na lile la gesti, na lile la woga. Akanywa chai hadi ikaisha. Kisha akatoka uani na simu, nikamsikia akimwambia mtu asihangaike kupanda mlimani leo, nyumbani kuna shughuli.