Mkalimani wa Presha Yake Mwenyewe

Daktari aliongea dakika nzima, mikono ikipanda na kushuka, kisha Ezira akamgeukia mkewe: "Anasema nipunguze chumvi."

Chumvi! Gaju alimtazama mpaka akachoka kumtazama. Safari yote hiyo, kutoka Misiera, kule kambini Nakivale, mpaka kliniki hii ya Mbarara, ndiyo waje kuambiwa habari ya chumvi? Kiingereza hakijui, sawa. Lakini macho anayo. Ameuona ule mkanda wa kupimia presha ukivimba mkononi mwa mumewe mara tatu, na daktari akiandika namba na kuipigia mstari.

"Baba Yonatani, usinichezee. Maneno yote ile ni chumvi?"

"Na mafuta kidogo."

Lo! Mwanaume huyu ni mkalimani wa ofisi ya wakimbizi kule Base Camp, makao makuu ya kambi. Kutwa anakaa kati ya mkimbizi na karani, akisema "mimi" kwa niaba ya wengine: mimi nilikimbia, mimi nilizika watoto wawili. Akirudi nyumbani hali, halali, kichwa kinamgonga, na simu haikomi. Ukimwambia apumzike, anakujibu kwamba mkataba unaisha mwezi ujao na wagonjwa hawaongezewi. Ebo! Na maiti je, wanaongezewa?

Simu ikalia. Ofisi. Ezira akanyoosha mkono. Gaju akaiwahi, akaikalia.

"Kule kazini ukikata neno la mtu wanakufukuza, si ndiyo? Basi leo mimi ndiye mkimbizi. Umuambie munganga arudilie. Na wewe sema vile anasema, bila kupunguza."

Daktari alijua Kiswahili cha salamu tu, ila uso wa Gaju aliuelewa vizuri. Akaanza upya, polepole. Ezira akatazama sakafu, na sauti yake ikawa ile ya kazini.

"Mama, presha ya mume wako ni mia moja tisini kwa mia moja ishirini. Mawazo ya kazi yanaipandisha, na moyo umeanza kuchoka. Asipopunguza kazi na kumeza dawa kila siku, anaweza kuanguka wakati wowote." Akaishia hapo. Lakini daktari alikuwa bado anaongea, ikabidi atafsiri. "Nilimwambia haya miezi mitatu iliyopita. Akaniomba nisikuambie."

Gaju alikuwa na matusi ya kumtosha mpaka Nakivale. Yote yakamwishia mdomoni.

"Muulize," alisema, "kama mume wangu atapona."

Ezira akamgeukia daktari, akafungua mdomo, na ile sauti ya kazini ikamkatika kabla ya kuuliza.