Chumba cha Mbele

Sisi wakata meli kuukuu hatuwashi moto kabla ya kubisha hodi. Chumba kilichozibwa hugongwa kwa nyundo mara tatu, kisha unatega sikio: maji yana sauti yake, na gesi ina yake. Asubuhi ile niligonga chumba cha mbele cha boti ya doria. Nikajibiwa, polepole, kama na mtu asiye na haraka.

Msimamizi alisema ni chuma kinachopata jua. Haya. Ila alisema hivyo akiwa ameshafika ngazini.

Boti hiyo ndiyo iliyonileta kwenye kazi hii. Nilijua siku moja italetwa kukatwa. Ilianza kwa kuvua samaki. Vita vilipokuja ikapakwa rangi ya kijivu, ikafungwa mzinga, ikawa inalinda mlango wa bandari na kusindikiza meli za mizigo. Bomu lililotegwa baharini likaipasua ubavu. Ilirudi ikikokotwa, na kwa kuwa vita havingoji mtu, mafundi waliziba chumba cha mbele kwa bati bila hata kuchungulia, ikarejeshwa kazini. Baba alikuwa fundi wake wa mitambo. Wakubwa walisema alitoroka siku ile ya bomu, na majirani wakaongeza kuwa lisemwalo lipo. Mama akaitwa mke wa mtoro mpaka nywele zikageuka mvi, nami nikakua nikipigana na kila aliyelitamka neno hilo.

Nilikata bati. Niliogopa, sioni haya kulisema. Nyuma yake palikuwa na mlango, komeo upande wangu, limekazwa kwa waya. Nikaukata waya, nikafungua. Mifupa ilikuwa imeegemea mlangoni, na chuma cha upande wa ndani kilikuwa kimebonyea kwa mapigo.

Nilimwita mama. Akaja, akainama, akaugusa mkanda kiunoni mwa ile mifupa, kwenye kiraka alichokishona mwenyewe kwa uzi mwekundu. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu.

“Alijifungia, au walimfungia?”

Waya nilikuwa nimeukanyaga.

“Alijifungia, mama. Ili maji yasiwafikie wenzake.”

Aliutazama mguu wangu, kisha akavua mtandio wake na kuanza kumfunika baba, kuanzia miguuni.

“Umemrithi,” akasema. “Naye alikuwa hajui kudanganya.”